Mbweu na Kicheko: Dario Fo, Podikasti na Onyesho Nililolifuta

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kuungama. Kwa miaka kadhaa sasa, nje ya saa za kufundisha, nimekuwa nikiandika vichekesho vya kusikiliza. Tuko wanne: mimi na vijana watatu niliowahi kuwafundisha. Tunarekodi katika chumba cha kuazima, madirisha tumeyaziba kwa magodoro ili ngurumo za bodaboda zisiingie, na kila baada ya wiki mbili tunapandisha mtandaoni podikasti ya dakika 20 hivi. Wasikilizaji wetu si wengi, lakini ni waaminifu. Baadhi yao ni watumishi wa umma ambao huniandikia faraghani kunieleza kwamba ofisi niliyoibuni ni ofisi yao hasa.

Mwaka jana niliandika onyesho la kibarua anayeanguka kutoka ghorofa ya tatu ya jengo linalojengwa. Kabla hajafika chini, ofisi ya mkandarasi imekwisha kuandika barua ya rambirambi. Kwa kuwa barua imekwisha kugongwa muhuri, kibarua anapofika chini akiwa hai anaambiwa kwamba ameisababishia ofisi usumbufu. Vijana walicheka hadi machozi yakawatoka. Tulirekodi. Usiku ule niliisikiliza rekodi peke yangu, nikakumbuka kwamba miezi michache kabla ya hapo kibarua mmoja alifariki katika jengo lililo mtaa wa pili kutoka kwetu. Asubuhi nikalifuta onyesho. Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna barua niliyoandikiwa. Nililifuta mwenyewe, kisha nikawaambia vijana kwamba sauti haikutoka vizuri.

Aliyenisuta si mtu aliye hai. Ni Dario Fo, mwandishi wa tamthilia wa Italia aliyefariki Oktoba 2016 akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka 1962 alikabiliwa na jambo linalofanana mno na langu, naye akachagua njia nyingine. Yeye alikuwa na wa kumkataza. Mimi sikuwa naye. Makala haya ni jaribio la kuielewa tofauti hiyo, maana naamini haiwahusu waandishi wa vichekesho peke yao. Tumezoea kusema kwamba teknolojia imetupa uhuru wa kusema. Historia ya Fo inanifundisha kwamba kuwa na chombo chako mwenyewe ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuwa na hadhira inayoweza kukujibu.

Redio kwanza, jukwaa baadaye

Fo alizaliwa tarehe 24 Machi 1926 huko Sangiano, karibu na Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa mkuu wa stesheni ya reli. Katika vijiji vya ziwa lile walikuwapo wavuvi na mafundi wa kupuliza vioo waliokuwa mabingwa wa kusimulia visa, na Fo hakuchoka kusema kwamba hao ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza. Walisimulia uongo mkubwa kwa uso mkavu, na ndani ya uongo huo msikilizaji akajikuta anaijua dunia yake vizuri zaidi kuliko alivyoijua asubuhi.

Vitabu vingi humtaja kama mtu wa jukwaa. Ni rahisi kusahau kwamba alianza kufahamika kupitia redio. Mnamo mwaka 1951 na 1952 shirika la utangazaji la umma, RAI, lilirusha mfululizo wa visa vyake vilivyoitwa Poer nano, maneno ya lahaja ya Lombardia ya kumwonea mtu huruma, kama vile sisi tunavyosema "maskini wa Mungu". Palikuwa na mtu mmoja na kipaza sauti. Alichukua visa ambavyo kila Mtaliano alivijua tangu utotoni, vya Biblia na vya historia, akavipindua. Kaini wake hakuwa mwovu wa kuzaliwa. Alikuwa kaka asiye na bahati, aliyechoshwa na kulinganishwa kila siku na mdogo wake mzuri. Wakubwa walipotambua kwamba kilichokuwa kikipinduliwa ni desturi nzima ya kumsifu aliyekwisha kupendelewa, kipindi kikasitishwa.

Kwa hiyo anayedhani kwamba sauti ya mtu mmoja inayochekesha masikioni mwa maelfu ni uvumbuzi wa karne hii hajasema kweli yote. Nasi tuna kumbukumbu zetu. Wasomaji wa rika langu hawajawasahau Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam: hapakuwa na picha wala pazia, palikuwa na sauti tu, na nyumba nzima ilinyamaza kuwasikiliza wale wajanja wawili wakijinasa katika mtego walioutega wenyewe. Kilichobadilika katika zama za podikasti si namna ya kuchekesha. Ni nani anayeshika swichi ya mtambo.

Jioni ambazo hazikurushwa

Mwaka 1954 Fo alifunga ndoa na Franca Rame, mwigizaji aliyetoka katika ukoo wa wasanii wa kuzunguka mji hadi mji. Haifai kumtaja Rame kama mke tu wa mwandishi. Alikuwa mwandishi mwenzake, mhariri wake, meneja wa kundi lao, na mara nyingi ndiye aliyemzuia mumewe asipotelee katika mzaha usio na shabaha. Katika miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, walikuwa nyota wa kumbi kubwa za Milan.

Mwaka 1962 RAI, iliyokuwa na ukiritimba wa televisheni nchini, iliwakabidhi Canzonissima, kipindi cha nyimbo na bahati nasibu kilichotazamwa na mamilioni. Wawili hawa wakaingiza humo watu ambao televisheni haikuwa imezoea kuwaonyesha. Katika kichekesho kimoja, shangazi mnene wa mfanyakazi wa kiwanda cha nyama alimtembelea mpwa wake kazini, akatumbukia katika mashine ya kusaga. Uzalishaji haukuweza kusimamishwa, na mfanyakazi akarudi nyumbani na shangazi yake ndani ya makopo. Watu walicheka, magazeti ya wenye viwanda hayakucheka.

Kisha likaja onyesho lililohusu mkandarasi wa ujenzi asiyejali usalama wa wafanyakazi wake. Wakati huo wafanyakazi wa ujenzi walikuwa katika mgogoro na waajiri wao. RAI ilitaka onyesho likatwe. Fo na Rame walikataa, wakaacha kipindi kikiwa katikati ya msimu. Walishtakiwa, na kwa takriban miaka 14 hawakuwa na nafasi katika televisheni ya nchi yao. Walirudi mwaka 1977.

Nililifahamu tukio hili kwa miaka mingi kama kipengele cha mihadhara. Nimewahi kulitungia swali la mtihani. Lakini asubuhi ile nilipobonyeza kitufe cha kufuta, halikunijia akilini kabisa. Lilinijia jioni, nikiwa ndani ya daladala, na nikaona aibu ambayo si rahisi kuieleza. Fo alipoteza televisheni nzima kwa ajili ya mkandarasi mmoja wa kubuni. Mimi sikuwa na televisheni ya kupoteza. Nilikuwa na magodoro madirishani.

Viatu vitatu

Mwaka 1968 Fo na Rame waliziacha kumbi za kibiashara. Fo alieleza kwamba alikuwa amechoka kuwa mchekeshaji wa matajiri, ambao hata alipowakejeli walitoka ukumbini wakiwa wameridhika, kana kwamba kukejeliwa ni sehemu ya burudani waliyoilipia tiketi. Wakaunda kundi la Nuova Scena lililoigiza katika Nyumba za Watu, yaani kumbi za vyama vya wafanyakazi na vyama vya mrengo wa kushoto. Baada ya kutofautiana na Chama cha Kikomunisti, ambacho nacho hakikupenda sana kuchekwa, mwaka 1970 wakaunda kundi jingine, La Comune, na kuigeuza karakana ya zamani jijini Milan kuwa ukumbi wao.

Wakati huo Italia ilikuwa katika majonzi. Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka katika benki moja ya Piazza Fontana, Milan. Watu 17 walipoteza maisha na wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Polisi waliwageukia waanakisti, yaani wafuasi wa itikadi inayoamini kwamba jamii inaweza kujiendesha bila dola. Mmoja wa waliokamatwa alikuwa Giuseppe Pinelli, mfanyakazi wa reli mwenye umri wa miaka 41. Alishikiliwa kupita muda ulioruhusiwa na sheria, na usiku wa tarehe 15 Desemba akaanguka kutoka dirisha la ghorofa ya nne ya makao makuu ya polisi, akafa. Polisi walisema amejirusha. Maelezo yao yalibadilika kadiri siku zilivyokwenda.

Desemba 1970 kundi la La Comune lilianza kuigiza Morte accidentale di un anarchico, yaani Kifo cha Ajali cha Anakisti. Kwa kujikinga, Fo alitangaza mwanzoni kwamba alikuwa akisimulia kisa cha anakisti mwingine aliyeanguka dirishani jijini New York mwaka 1920, kisa ambacho nacho kilikuwa cha kweli. Mhusika mkuu ni mwendawazimu mwenye ugonjwa wa kujifanya watu wengine. Anaingia kituo cha polisi, anajifanya jaji aliyetumwa kuchunguza, na kwa upole wote anawaomba maofisa warudie maelezo yao hatua kwa hatua. Hawapingi. Anawasaidia kuyatengeneza upya, na kila anapowasaidia uongo wao unazidi kuchanika.

Kuna mahali ofisa mmoja anasema alijaribu kumwokoa mtu yule kwa kumshika mguu, akabakiwa na kiatu mkononi. Lakini waliomwona chini wanasema alikuwa amevaa viatu viwili. Mwendawazimu anapiga hesabu kwa utaratibu: basi anakisti huyu alikuwa na miguu mitatu. Ukumbi hucheka sana hapo. Wengi huchukulia kwamba hilo ni buni la mchekeshaji, kumbe Fo alilichota katika taarifa zilizokwisha kuchapishwa magazetini. Hakuhitaji kubuni upuuzi. Kazi yake ilikuwa kuupanga ule uliokuwapo. Mawakili na waandishi wa habari walimletea nyaraka, na kadiri kesi iliyohusu kifo kile ilivyoendelea mahakamani Milan, naye aliongeza na kupunguza maneno jukwaani.

Wanafunzi wangu huniuliza mara kwa mara siri ya tashtiti nzuri. Jibu langu huwakatisha tamaa: ni kusoma mafaili. Kichekesho kisicho na nyaraka hukosa mgongo. Kinaweza kumtekenya msikilizaji, lakini hakiwezi kumshika mtu koo.

Mbweu na tendo la tatu

Katika tamthilia hiyo mna wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo mchango mkubwa wa Fo katika fikra za kisiasa. Mwendawazimu anaeleza kwamba kashfa si adui wa mfumo mbaya. Ni dawa yake. Inafanana na mbweu, ile hewa inayomtoka mtu aliyevimbiwa. Watu wanasikia kashfa, wanakasirika, wanacheka, wanapumua, tumbo linatulia, na mlo unaendelea. Fo aliogopa kwamba kicheko chake kingefanya kazi hiyo hiyo. Alitaka hasira isiwatoke watazamaji ukumbini pamoja na kicheko, bali ibaki ndani yao hadi watakapokuwa na la kufanya nayo.

Ndiyo sababu maonyesho yake hayakuishia pazia linaposhushwa. Baada ya tamthilia yalifuata mazungumzo baina ya waigizaji na watazamaji, yaliyoitwa tendo la tatu, na mara nyingine yaliendelea hadi usiku wa manane. Wafanyakazi wa viwandani walisimama kusema kwamba jambo fulani halikuwa hivyo kiwandani kwao, au kwamba mhusika fulani amependelewa. Fo alisikiliza, akaandika, na maonyesho yaliyofuata yakabadilika. Mtazamaji alikuwa mwandishi mwenza ambaye jina lake halikuandikwa katika tangazo la ukutani.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka kwamba jambo la namna hiyo lilitendeka pia karibu na nyumbani. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wanakijiji walihudhuria mazoezi ya Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na wakawasahihisha wasomi hao wawili lugha na maudhui. Serikali ya Kenya iliifuta ruhusa ya maonyesho mwezi Novemba, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini, ambako alikaa hadi Desemba 1978. Vitabu vyake vilivyokuwa vimeandikwa kwa Kiingereza, vingine vikali kuliko tamthilia ile, havikuwa vimempeleka huko. Watawala hutofautisha vizuri sana kati ya kitabu kinachosomwa chumbani na watu wanaojibizana uwanjani.

Fo na Rame nao walilipa. Machi 1973 Rame alitekwa na wanaume wa kundi la kifashisti, akapigwa na kubakwa. Baada ya muda si mrefu alirudi jukwaani, na miaka michache baadaye aliigiza kisa hicho mwenyewe, peke yake, bila mzaha wowote. Nasita kila ninapofika hapa darasani, kwa sababu ni rahisi kulifanya tukio hili kuwa pambo la ushujaa. Nalitaja ili kijana anayetaka kuandika tashtiti ajue kwamba gharama yake si lazima imfike yeye. Inaweza kumfika anayempenda.

Uso wa mtu halisi

Lipo jambo ambalo sisi wapenzi wa Fo hulipita haraka. Katika tamthilia yake watazamaji walimtambua Luigi Calabresi, kamishna wa polisi aliyesimamia mahojiano ya Pinelli. Magazeti ya mrengo wa kushoto yalikuwa yakimwita mwuaji waziwazi. Tarehe 17 Mei 1972 Calabresi alipigwa risasi nje ya nyumba yake, akafa. Miaka mingi baadaye mahakama iliwatia hatiani watu waliokuwa wa kundi la Lotta Continua. Mwaka 1975 jaji aliyekichunguza kifo cha Pinelli aliamua kwamba Calabresi hakuwamo chumbani Pinelli alipoanguka, na kwamba hakukuwa na mauaji wala kujiua, bali marehemu alizidiwa ghafla. Waitaliano wengi hawajayakubali maelezo hayo hadi leo. Lakini mwaka 2009 Rais Giorgio Napolitano aliwaalika Ikulu wajane wa wote wawili, Pinelli na Calabresi, na akatamka hadharani kwamba Pinelli hakuwa na hatia. Wajane wale wakapeana mikono.

Sisemi kwamba tamthilia iliua mtu. Fo alilenga mashine ya uongo, na mashine hiyo ilikuwapo. Hata hivyo watazamaji hukumbuka uso kabla ya kukumbuka mashine. Anayejifunza kwa Fo ujasiri wa kutumia ukweli hana budi ajifunze pia kwamba ukweli una tabia ya kuendelea kujitokeza baada ya kicheko kwisha, nao unaweza kumgeukia aliyeutumia.

Swali hili ndilo lililonifanya nijitetee kwa muda. Huenda, nilijiambia, nililifuta onyesho langu kwa heshima tu. Kulikuwa na marehemu halisi, mwenye mama na pengine watoto. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, lakini ilikuwa na tundu moja kubwa: sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Niliamua kwa niaba ya wafiwa na vibarua bila kuwaona, kama vile ofisi niliyokuwa nikiicheka.

Gereji, michango na leseni

Sasa tuitazame podikasti. Jina hilo lilitokea kwa mara ya kwanza mwaka 2004 katika gazeti la The Guardian la Uingereza, na wachekeshaji walikuwa miongoni mwa waliokitumia chombo hiki mapema. Oktoba 2007 John Oliver na Andy Zaltzman walianzisha The Bugle, podikasti ya tashtiti ya kisiasa, chini ya gazeti la The Times la London. Mwisho wa mwaka 2011 ilitengana na gazeti hilo, ikaendelea kuishi kwa michango ya wasikilizaji. Mwaka 2009 Marc Maron, mchekeshaji wa Marekani aliyekuwa amepoteza kazi ya redio, alianzisha WTF, na kwa miaka mingi aliirekodi katika gereji ya nyumba yake Los Angeles. Juni 2015 Rais Barack Obama alikwenda kuketi naye katika gereji hiyo hiyo.

Ukiyasoma haya pamoja na maisha ya Fo, unaona kwamba podikasti imetatua tatizo lake la mwaka 1962. Hakuna RAI ya kukata onyesho. Gereji ndiyo karakana ya Milan. Michango ndiyo tiketi ya bei nafuu ya Nyumba za Watu. Dola nazo zimeelewa hivyo. Tanzania, kwa mfano, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu na redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni, na ada za mwaka wa kwanza zikafikia jumla ya shilingi 2,100,000. Kanuni na ada zimerekebishwa baadaye, lakini kumbukumbu ya tarakimu ile bado imo vichwani mwa vijana ninaofanya nao kazi. Fo asingeshangaa. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1997, aliyaanza maelezo yake Stockholm kwa sheria ya Mfalme Frederick wa Pili ya mwaka 1221, iliyoruhusu wachekeshaji watukutu washambuliwe bila mshambuliaji kuadhibiwa. Wasikilizaji aliwagawia michoro badala ya hotuba iliyochapwa.

Hata hivyo sheria haikuwa sababu ya mimi kufuta. Sababu ilikuwa upweke. Mwandishi wa podikasti huongea na ukuta wenye godoro. Msikilizaji wake yuko peke yake, masikioni ana vidude viwili, yumo ndani ya basi au anaosha vyombo. Anacheka peke yake na kupiga mbweu yake peke yake. Hawezi kumgeukia jirani kuona kama naye amecheka mahali pale pale. Kicheko cha ukumbini kina nguvu kwa sababu kila mmoja anagundua kwamba siri aliyodhani ni yake peke yake ni ya wote. Podikasti imetupa redio bila mkurugenzi, lakini imetuondolea tendo la tatu. Na mwandishi asiye na tendo la tatu huishia kuogopa hadhira ya kufikirika, ambayo ni kali kuliko hadhira yoyote halisi.

Kwa mama lishe

Nilimalizia ungamo langu kwa vijana. Niliwaambia kwamba sauti ya rekodi haikuwa na kasoro. Mwenye kasoro nilikuwa mimi. Mmoja wao alikuwa ameitunza nakala. Mchana mmoja tukaenda kwenye banda la mama lishe ambako vibarua wa majengo ya eneo letu hula, tukaagiza ugali kama wengine, tukaomba ruhusa ya kucheza dakika sita kwenye simu.

Walicheka, lakini si pale nilipotarajia. Ile barua ya rambirambi, ambayo ndiyo niliyojivunia, ilipita kimya. Baadaye fundi mmoja mtu mzima aliweka kijiko chini akasema, "Mwalimu, hiyo barua haiji. Inayokuja ni karatasi ya kusaini kwamba ulipanda juu bila kutumwa." Banda zima likaangua kicheko, kicheko kikavu ambacho sijawahi kukiandika. Mwingine akaongeza kwamba kofia ngumu huletwa siku ya ukaguzi, na jioni zinahesabiwa na kurudishwa stoo. Wa tatu, ambaye hakucheka hata mara moja, alituomba tusiitaje ghorofa ya tatu. Kila mtu hapo angejua ni nani. Nikaiondoa ghorofa ya tatu.

Niliandika upya onyesho zima kwa maneno yao, wakalisikiliza tena kabla hatujalipandisha. Mwishoni mwa kipindi hicho tuliacha mzaha, tukaeleza kwa lugha nyepesi kwamba ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na kwamba anayeumia kazini anastahili kuuliza kabla ya kusaini karatasi yoyote. Sidai kwamba tumebadili chochote. Jengo la mtaa wa pili limekwisha kupakwa rangi na lina wapangaji. Najua tu kwamba kipindi hicho kimesikilizwa zaidi ya mara moja katika banda lile, watu wakiwa wamekaa pamoja, na kwamba yule fundi hudai, kwa haki kabisa, kuwa mstari mzuri kuliko yote humo ni wake.

Kwa wanafunzi na wanaharakati mnaoanzisha podikasti kila wiki, ombi langu ni moja: kabla hamjatafuta kipaza sauti bora, tafuteni banda. Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma mnaoniandikia faraghani, endeleeni kuandika. Ila siku moja njooni tusikilize pamoja, mniambie mbele ya wengine ni wapi nimekosea.